Uhandisi wa Kompyuta miaka 4 au Sayansi ya Kompyuta miaka 3? Hesabu makato kwanza

Mdogo wangu, usithibitishe kozi yoyote kabla hujakaa na kalamu. Umeuliza hapa UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma) kipi kina mshahara mnono kati ya Uhandisi wa Kompyuta na Sayansi ya Kompyuta, ukagusia laptop na vyumba vya kupanga vya Ng'ong'ona karibu na chuo, halafu ukamalizia: "ada atalipa mzee, kwa hiyo deni langu litakuwa dogo." Hapo ndipo unapopotea.

Deni la Bodi ya Mikopo si ada peke yake. Bumu lote, yaani hela ya kujikimu unayopewa chuoni, linaandikwa: chakula na malazi, vitabu, mafunzo kwa vitendo. Chukua chakula na malazi tu, 10,000 kwa siku. Siku 240 ni 2,400,000 kwa mwaka. Mzee alipe ada yote mpaka senti ya mwisho, bado miaka 3 unatoka na 7,200,000 na miaka 4 unatoka na 9,600,000. Bodi ikibeba na ada, panda juu zaidi.

Wanaonikera ni hawa wa stesheneri wanaowajazia watoto maombi ya mkopo huku wakiwaambia "wewe omba yote, utalipa ukiwa bosi." Wao wameshachukua hela yao ya kujaza fomu. Anayekatwa ni wewe.

Mwajiri anakata asilimia 15 ya mshahara wa msingi kila mwezi mpaka deni liishe. Deni likiwa kubwa asilimia haipandi, miezi ndiyo inayoongezeka. Ukianza sekta binafsi kwa 1,000,000: NSSF (hifadhi ya jamii) 100,000, PAYE (kodi ya mshahara) 103,000, Bodi 150,000. Benki inaingia 647,000. Kwa makato hayo, 7,200,000 inaisha kwa miezi 48, na 9,600,000 kwa miezi 64. Mhandisi akitaka kumaliza kwa miezi 48 kama mwenzake, inabidi aanze na takriban 1,333,000. Tena wakati yeye yuko mwaka wa nne, mwenzake akiwa amepata kazi ameshaingiza 7,764,000, yaani 647,000 mara miezi 12.

Sasa soma matangazo ya Sekretarieti ya Ajira, ofisi zao si ziko hapohapo chuoni? Nafasi ya Afisa TEHAMA inataja sayansi ya kompyuta, uhandisi wa kompyuta au shahada inayofanana nazo, wote ngazi ileile ya mshahara. Mwaka wa nne unakulipa kama unalenga kazi inayodai usajili wa Bodi ya Usajili wa Wahandisi. Kama shida yako ni kuandika programu, sioni unachokinunua.

Na lile jedwali la mishahara na madeni ulilobandika kutoka College Scorecard, tovuti ya serikali ya Marekani ya kulinganisha vyuo, liondoe kwenye hesabu. Linahusu wanafunzi waliopata msaada wa masomo wa serikali ya shirikisho ya huko, na deni lake ni la mikopo hiyo. Halijui PAYE wala bumu.

Kwa hiyo: deni lote, gawanya kwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi, linganisha miezi. Usilinganishe mshahara kwa mshahara. Nafuu iliyopo ni kwamba ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo iliondolewa 2021, hivyo deni halivimbi ukikaa mtaani bila kazi. Lakini halipungui pia.

Lete hapa matangazo matatu ya kazi unayoitaka kweli, tuangalie kama kuna hata moja linalodai mhandisi aliyesajiliwa.