Fundi anataka hela yote ya ufundi, kuanzia msingi hadi lenta (mkanda wa zege juu ya milango na madirisha), nimpe?

Usimpe. Hata nusu usimpe. Wewe uko Dar, kiwanja kiko Mangamba, Mtwara, na fundi anataka hela yote sasa hivi Septemba "ili asikusumbue kwa simu". Mimi niliambiwa maneno hayohayo, nikatoa.

Oktoba minada ya korosho ikaanza. Huku kusini ikifika hapo kila mtu ana shamba: lake, la mama mkwe, au la kwenda kuokota kwa kibarua. Vijana wakarudi Newala na Tandahimba, lenta imemwagwa pande mbili tu, kwingine nondo ziko wazi ndani ya mbao. Nikampigia mmoja wa saidia fundi. Akaniambia, "Bosi, hela yako sisi hatujaiona, tunalishwa mihogo tu." Fundi alishanunua bodaboda. Mvua ikakuta hali hiyo, nondo zikashika kutu, na walipokuja kuunga zege jipya kwenye lile lililokwisha kukauka, ufa ukatokea palepale kwenye kiungo, juu ya dirisha la sebule. Tukabomoa. Kiwanda cha saruji cha Dangote kiko Mtwara hapahapa, lakini saruji ya jirani nayo hununuliwa!

Aliyenishauri ni mwenye duka la vifaa: "Ukilipa kwa siku unafuga mafundi, toa kwa mkupuo." Bado naumia nikimkumbuka. Yeye anauza saruji. Ukibomoa, anauza tena.

Lipa hatua iliyokwisha na kupimwa, basi. Msingi, jamvi (zege la sakafu), kozi za ukuta (mistari ya tofali), lenta, kila kimoja na bei yake kwenye karatasi. Mtu wako aende na timazi na pima maji, akiridhika ndipo utume, na fungu kidogo libaki kwako mpaka hatua inayofuata ianze. Vibarua uwalipe wewe mwenyewe kila Jumamosi, kila mmoja kwenye simu yake, hela isipite kwa fundi. Hao ndio wanaobeba ndoo za zege. Wakilala njaa, ujenzi wako umekwama. Na lenta imwagwe siku moja izunguke nyumba nzima, kisha inyweshwe maji siku 7. Kama huoni itaisha kabla ya minada, ishia kwenye msingi.

Niambie kwanza, hela umeshatuma?