Vipele vya shingoni baada ya kunyoa: acha kutafuta kidevu kinachoteleza

Mkuu mleta mada, umesema unanyoa kila asubuhi kwa kiwembe cha mpini chenye nyembe tano, unarudia mpaka kidevu kiteleze, unamalizia na spiriti, na bado shingo imejaa vipele vyeusi vinavyowasha. Mimi nina ndevu za kipilipili na nimenyoa kwa wembe miaka mingi. Shingo yangu ni safi, kwa hiyo nakujibu kwa ninachokifanya.

Anza kwa kujua hivyo vipele ni nini, maana wengi wanavitibu kama chunusi. Unywele uliojikunja ukikatwa unabaki na ncha kali. Ukikua kidogo unapinda, unairudia ngozi na kuichoma. Mwili unauona kitu kigeni, unapambana nao, ndipo panapovimba na mara nyingine kutunga usaha. Kiwembe cha nyembe nyingi kinaongeza balaa: wembe wa kwanza unauvuta unywele, unaofuata unaukata ukiwa umevutwa, kisha kisiki kinarudi chini ya ngozi. Hapo unywele hauhitaji hata kutoka nje, unatoboa humo humo ndani. Ukiikaza ngozi kwa vidole wakati wa kunyoa, matokeo ni yale yale. Kwa hiyo ule ulaini unaousaka kila asubuhi ndio unaokuumiza. Sisi wenye ndevu za aina hii tunyoe mpaka uso uonekane safi machoni, basi. Ukipapasa ukasikia vikwaruzo kidogo, viache.

Kwa hali uliyoielezea, usinyoe kabisa kwa wiki nne hivi. Najua kazini watauliza, lakini ngozi iliyovimba hainyoleki vizuri kwa mbinu yoyote. Ndevu zikirefuka, nywele nyingi zilizojichimbia zitajichomoa zenyewe. Ukiona kitanzi cha unywele juu ya ngozi, kiinue taratibu kwa sindano iliyosafishwa na uuache hapo hapo. Usiung'oe, maana utaota tena kutokea chini na unaweza kukwama ndani.

Wakati huo huo chunguza ndevu zako zinaelekea wapi. Hapa ndipo watu wengi wanapoharibu. Mashavuni kwa kawaida zinashuka, lakini shingoni zinaweza kulala kwa upande, kupanda juu, au kuzunguka, na upande wa kulia usifanane na wa kushoto. Papasa polepole kila sehemu: unakosikia laini ndiko zinakoelekea, unakosikia zinakwaruza ni kinyume chake. Mimi zangu chini ya taya la kushoto zinaelekea sikioni, kwa hiyo hapo wembe wangu unakwenda sikioni, hata kama mkono unakaa vibaya.

Siku ya kunyoa, oga kwanza. Unywele ukikaa na maji ya uvuguvugu kwa dakika chache unayanywa, unavimba na kulainika, na wembe unapita bila kuvuta. Paka krimu au povu la kunyolea, liache kidogo likae. Tumia kiwembe cha wembe mmoja, kile cha chuma kinachobadilishwa wembe. Usikandamize, uzito wa mpini unatosha. Vuta vipande vifupi, suuza wembe kila mara, pita mara moja kufuata ndevu zinakolala. Pakibaki pachafu, paka povu tena upite kwa upande, kamwe usipite kinyume. Wembe ukianza kukwama, tupa.

Baada ya hapo maji baridi, taulo kwa kugusa bila kusugua, na losheni isiyo na manukato. Spiriti iache: inaunguza na kukausha ngozi ambayo tayari imekwanguliwa. Ukijikata, jiwe la shabu lililoloweshwa litazuia damu. Mimi naruka siku moja kabla ya kunyoa tena na ngozi inatulia.

Kama hata hivyo vipele vinarudi, hamia kwenye mashine ya umeme na uache ndevu za milimita moja hivi. Kwa wengi wetu hiyo ndiyo dawa kubwa kuliko zote, na kwa mbali uso unaonekana nadhifu tu. Kwa kinyozi, mwambie mapema asipandishe mashine kutoka kooni kwenda juu, na nenda na wembe wako. Wembe wa kuchangia unaweza kukupa homa ya ini.

Poda na krimu za kuondoa nywele zinasaidia baadhi ya watu kwa sababu zinayeyusha unywele bila kuuachia ncha kali, ila zinaweza kuunguza vibaya. Jaribu kwanza sehemu ndogo mkononi na usizidishe muda ulioandikwa kwenye pakiti. Nakusihi sana usipake zile krimu za kuchanganywa za kung'arisha ngozi. Nyingine zina steroidi, yaani dawa kali za kutuliza uvimbe, madoa yanafifia kwa muda huku ngozi inakonda.

Ukiona makovu yanayonyanyuka na kuwa magumu, hasa kisogoni au chini ya kidevu, acha wembe na umwone daktari wa ngozi mapema. Makovu ya namna hiyo yakishakuwa makubwa ni kazi kuyaondoa. Muulize pia kuhusu leza ya kupunguza ndevu, na kama ngozi yako ni nyeusi, hakikisha mashine yake inafaa kwa ngozi nyeusi, kwa mfano ya leza aina ya Nd:YAG, maana isiyofaa inaweza kuunguza.