Bosi Mpya na Hotuba ya Kwanza kwa Wafanyakazi

Bosi mpya anaposimama mbele ya wafanyakazi kwa mara ya kwanza, watu hawasubiri awaambie kwamba yeye ni mnyenyekevu. Wanaangalia amefika saa ngapi, ameketi wapi, na kama anaijua kazi yao. Ushauri huu ni wa wanaokabidhiwa kampuni huku kwetu Kenya, iwe kiwanda cha sukari ukanda wa Muhoroni na Chemelil, shamba la maua Naivasha, au ofisi mjini Kisumu.

Kazi huanza kabla ya hotuba. Siku mbili tatu mapema, pita kila idara bila mpiga picha na bila msafara wa mameneja. Uliza maswali mawili tu: nini kinawachelewesha, na nini mlishaahidiwa hakijatimizwa? Andika majibu kwa mkono wako. Kama kuna chama cha wafanyakazi, zungumza na mwakilishi wake kabla ya mkutano. Akisikia habari zako uwanjani pamoja na wengine, atakuona umemruka, na maneno matamu hayataliponya hilo.

Penye zamu tatu, mkutano mmoja wa saa nne asubuhi humkosa mtu aliyetoka kazini alfajiri na sasa amelala. Hutubu mara mbili au tatu, zamu zinapopokezana, hata ikibidi uwe getini saa kumi na mbili asubuhi. Wahesabu vibarua pia, si wa kudumu pekee. Na tafadhali, jambo la hema. Wakubwa wakikaa kivulini huku wapakiaji wamesimama juani, hotuba imeshakwisha kabla hujafungua kinywa. Kama kivuli hakitoshi wote, simameni wote, na uongee dakika saba. Kwa mwendo wa utulivu hayo ni kama maneno 700.

Hutubu kwa Kiswahili. Salamu ya "Oyawore" Kisumu au "Mulembe" Kakamega hupokewa vizuri ikiwa moja na fupi. Nakuru nakusihi uwe mwangalifu zaidi: wafanyakazi ni wa jamii nyingi, mji haujasahau machafuko ya baada ya uchaguzi wa 2007, na salamu ya lugha moja yaweza kuwafanya wengine wajiulize bosi ni wa nani. Hapo "Habari za kazi" na "Poleni kwa zamu ya usiku" zinatosha.

Sasa maneno yenyewe. "Mimi ni mdogo wenu tu" na "Nimekuja kujifunza" hayana uzito yakiachwa hivyo. Mkuu aliyepewa mamlaka ya kuajiri na kufuta si mdogo wa mtu yeyote hapo, na kila mtu anajua. Taja hasa usichokijua na atakayekufundisha: "Nimetoka upande wa fedha. Sijawahi kusimamia mtambo wa kusaga miwa. Wiki hii nitakuwa na mafundi wa zamu ya usiku wanionyeshe unapokwamia." Mshukuru mtangulizi wako kwa jambo moja linaloonekana, hata kama aliondoka vibaya. Wapo waliompenda, na ukimsema leo watajua kesho utawasema wao.

Kisha gawa mambo matatu waziwazi: yasiyobadilika, ambayo hujaamua, na tarehe ya kuamua. Kama kuna malimbikizo ya mishahara, yataje mapema, tena kwa miezi. Kuwaita watu familia huku wanadai miezi minne huwachoma.

Kosa kubwa ni kugeuza upole kuwa ahadi. Satya Nadella alipoteuliwa kuongoza Microsoft tarehe 4 Februari 2014, aliwaandikia wafanyakazi barua ya unyenyekevu mwingi, akakumbuka siku alipoingia kampuni hiyo miaka 22 awali. Julai mwaka huohuo ikatangazwa kwamba hadi nafasi 18,000 zingepunguzwa. Kwa hiyo usiseme "hakuna atakayepoteza kazi" kama huna hakika. Kwa wanaopunguzwa kazi, Sheria ya Ajira ya 2007 inadai notisi ya mwezi mmoja kwa chama na kwa ofisa wa kazi, na malipo yasiyopungua siku 15 za mshahara kwa kila mwaka uliofanyiwa kazi. Sema: "Ikifika huko, sheria itafuatwa na mtasikia kwangu kwanza."

Nadella huyohuyo ana funzo bora zaidi. Oktoba 2014, kwenye kongamano la wanawake wa teknolojia, alishauri wasiombe nyongeza ya mshahara bali wauamini mfumo. Lawama zikamwagika, naye akawaandikia wafanyakazi kwamba alijibu vibaya kabisa, na anayeona anastahili nyongeza aombe. Hakusema ameeleweka vibaya. Alitaja kosa na akatoa jibu sahihi. Barua kama hiyo haihitaji kuzidi ukurasa mmoja.

Maswali mbele ya wasimamizi hayatoki. Weka sanduku siku tatu kabla, pokea karatasi zisizo na majina, soma kwa sauti hata zile kali. "Ofisi yangu iko wazi" pia haitoshi, maana mlinzi na katibu hawajaambiwa. Tangaza Jumatano, saa nane hadi saa kumi, bila miadi, na uwaagize wote wawili. Baada ya wiki mbili bandika majibu kwenye ubao karibu na kantini, kwa Kiswahili, pamoja na yale uliyoyakataa na sababu zake.