Kabla hujanunua sola, soma mita usiku mmoja

Dada wa Buhongwa, umeuliza kama ununue paneli za sola au upunguze watu ndani ya nyumba, maana bili ya maji imepanda maradufu na umeme wa LUKU haumalizi wiki mbili. Naomba usifanye lolote kati ya hayo kwanza. Mimi niko Mabatini, hapa hapa Mwanza, juu maweni kule, na yaliyonikuta mwaka juzi yanafanana na yako.

Anza na maji. Usiku simtank, lile tanki la plastiki la kuhifadhia maji, ikiwa imejaa na watu wote wamelala, andika namba za mita, zile nyeusi na zile nyekundu. Asubuhi kabla mtu hajanawa, soma tena. Mimi nilikuta lita 182 zimepita wakati nyumba nzima imelala. Ni madumu tisa ya lita ishirini! Uniti moja ya maji ni lita 1000, kwa hiyo kila siku tano au sita nilikuwa nalipa uniti nzima ya maji ya usiku tu, mchana sijauhesabu.

Nilizunguka nyumba na tochi, sikuona hata tone. Mke wangu ndiye aliyeleta wazo la bluu, ile ya kufulia mashati ya shule. Tulitia kidogo kwenye tanki la choo, tukakaa nusu saa bila kuflashi. Tuliporudi, sinki la choo lilikuwa na mstari wa bluu unateremka taratibu ukutani mwake, mwembamba kama uzi. Ile raba ya chini ya tanki ilishakakamaa, haikai tena. Raba ni ya shilingi elfu chache, na kuibadilisha ni kufunga koki, kumwaga maji ya tanki, kuichomoa na kupachika mpya. Fundi wa kwanza aliyekuja alitaka tung'oe choo kizima. Nashukuru sikumsikiliza.

Kosa la pili lilikuwa juu ya paa. Sisi wa milimani tunajua maji yanapanda vizuri usiku, watu wa chini wakishafunga koki zao. Presha ikipanda, boya lililochoka, lile linalofunga maji tanki likijaa, halifungi, simtank inafurika, maji yanateleza juu ya jiwe na kupotelea bondeni wewe ukiwa usingizini. Panda ngazi uangalie kama ukuta wa nyuma ya tanki una ukijani. Ukiuona, boya lako limekwisha.

Umeme una kipimo chake pia. Zima kila kitu, chomoa na friji, kisha tazama kitaa kidogo cha mita ya LUKU. Kikiendelea kupepesa, kuna umeme unakwenda mahali. Kwangu ulikuwa waya wa taa ya choo cha nje, umechubuka na kulowa. Hilo usiliguse mwenyewe, ita fundi umeme mwenye leseni, kwa sababu waya wa namna hiyo unaua watoto.

Taa badilisha zote ziwe LED, hilo halina mjadala. Na kama uko kwenye daraja la matumizi madogo, chunga zile uniti 75 za mwezi kama mboni ya jicho, kwa sababu zinazozidi hapo bei yake ni zaidi ya mara tatu.

Jikoni ndiko nilikobishana sana na mama mzazi. Aliamini jiko la umeme ni la matajiri na maharage hayaivi bila mkaa. Siku moja tuliloweka maharage usiku kucha, asubuhi tukazima vyote, tukasoma mita pamoja, tukaweka presha kuka ya umeme. Yalipoiva tukasoma tena: nusu uniti. Hata kwa bei ya juu ni kama shilingi 200, na kwa pesa hiyo hupati mkaa wa kuivisha maharage popote Mwanza hii. Sasa mkaa tunautumia kuchoma sangara tu. Mtungi wa gesi tumeuachia chai na ugali.

Mwisho ni gata, ule mfereji wa ukingo wa bati unaokinga maji ya mvua. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya bati ni lita moja. Bati la mita 60 za mraba, mvua ya milimita 20, ni lita 1200. Hata ukipoteza kiasi, simtank ya lita elfu imejaa kwa mvua moja. Safisha gata kabla vuli haijaanza Oktoba, maji ya dakika za mwanzo yaache yaoshe vumbi na kinyesi cha ndege, yanayofuata kinga ya kufulia, kudekia na choo.

Leo usiku soma mita, dada. Kesho weka hapa namba zote mbili, na useme kama choo chako kinapata maji ya bomba moja kwa moja au ya simtank, nitakuambia uanzie wapi kutafuta.