Land Cruiser 80 imelala nyuma: usinunue springi kabla hujapima gari uzito

Mkuu simama hapo hapo, usilipie hizo springi. Umeandika una Land Cruiser 80 ya miaka ya 1990, nyuma imelala, siku nyingi unatembea na familia tu na mara moja moja unapakia vitu vya kambi, na muuzaji kakwambia uchukue springi za hevi duti zinazonyanyua inchi 3 "ili usirudi tena dukani". Hayo maneno ya mwisho nayajua, mimi niliambiwa hivyo hivyo kwa 80 kama yako na hela ikaondoka. Umeuliza pia habari za chapa gani bora na shokapu za gesi au za oili, nitafika huko nikipata nafasi, ila hili kwanza.

Springi haipimwi kwa ugumu peke yake, inapimwa kwa uzito iliyotengenezewa kubeba. Watengenezaji wa maana wana springi za nyuma za aina kadhaa kwa gari hiyo hiyo moja: ya gari tupu, ya mzigo wa wastani, ya mzigo mkubwa wa kilo mia kadhaa. Na mzigo wanaousema ni ule unaokaa kwenye gari kila siku, yaani droo, tangi la pili, bampa ya chuma ya nyuma, sio begi na tenti vya wikiendi. Sasa wewe gari yako nyuma haina kitu, halafu unataka kuweka springi inayosubiri kilo 400 ambazo haziji.

Ngoja nikwambie inavyokuwa maana hakuna aliyeniambia. Gari inatoka gereji imesimama vizuri, matako juu, kila anayepita anasifia. Ukiingia barabara ya vumbi yenye makorongo madogo madogo ndo unajua, nyuma inaruka, tairi zinagusa chini nusu ya muda tu na kwenye kona kitako kinateleza kwenda nje. Sababu ni kwamba springi ngumu bila mzigo haijabonyea, na springi isiyobonyea haina nafasi ya kufunguka. Tairi ikiingia kwenye shimo inatakiwa ishuke ifuate ardhi, lakini shokapu tayari iko karibu na mwisho wa urefu wake, kwa hiyo inafika mwisho inagonga, kla, kla, kila shimo. Mimi yangu nilipoingia chini kuangalia nikakuta mpira wa kichwa cha shokapu umechanika umebaki nyuzi, oili imechuruzika mpaka kwenye ekseli na imeganda na vumbi, na ile sehemu ya chesi inaposhikwa shokapu ilikuwa imeanza ufa mwembamba kama unywele, ukipitisha kucha unausikia. Huo ufa ndo ulionitia hofu, shokapu inabadilishwa mchana mmoja, chesi ikishaanza kupasuka hiyo ni kazi ya kuchomelea na kuomba Mungu.

Kinachoniuma mpaka leo ni yule jamaa aliyeniuzia springi. Hakuuliza swali hata moja! Hakuuliza nabeba nini, hakuuliza gari ina winchi (ile mashine ya kamba ya kujivuta ukikwama) au haina, hakuchungulia hata nyuma, aliangalia stoo yake imebaki nini akanipa. Niliporudi kulalamika akasema springi ziko sawa, tatizo ni shokapu zako ndogo, akaniuzia seti nyingine ngumu zaidi, kwa hiyo gari ikawa haipumui kabisa, ngumu chini ngumu juu, mama watoto akawa anakataa kukaa kiti cha nyuma. Muuzaji anayekuuzia springi bila kujua uzito wa gari yako anakubahatishia, na bahati nasibu hiyo unalipia wewe. Na msije hapa kuniambia "mbona yangu niliweka na iko poa", yako una keria ya chuma, matangi mawili na droo za vifaa, imeshiba, lazima iwe poa.

Kitu kingine alichokificha, au hakijui, ni kwamba urefu na ugumu ni vitu viwili tofauti. Chukua mfano rahisi, springi moja inahitaji kilo 30 ili ishuke sentimita 1, nyingine inahitaji kilo 45. Ukipakia kilo 180 juu ya ekseli, kila upande unapata 90, ya kwanza inashuka sentimita 3, ya pili 2. Tofauti ni sentimita 1 tu! Lakini siku zote zingine ukiwa huna mzigo ile ya pili inakupiga mgongo. Wakati huo kuna springi ndefu kidogo lakini laini ambayo ingekupa kimo hicho hicho bila mateso.

Kwa hiyo nenda kwenye mizani ya magari. Jaza tangi (la 80 ni lita 95, dizeli yake tu ni karibu kilo 80), panda na watu unaotembea nao, weka vitu ambavyo huwa havishuki, pima ekseli ya mbele peke yake halafu ya nyuma peke yake. Kisha rudia ukiwa na mzigo wa safari. Namba unayochagulia springi ni ile ya kwanza, ya siku za kawaida. Mzigo wa mara moja moja unausaidia kwa mifuko ya hewa inayoingia katikati ya springi za nyuma, ukisafiri unaijaza, ukirudi unaipunguza, na 80 ina springi za koili pande zote nne kwa hiyo nyuma inaingia bila shida. Ila mifuko haiongezi uzito ambao gari imeruhusiwa kubeba, ekseli na breki ni zile zile.

Mbele usisahau, bampa ya chuma na winchi vinafika kilo 100 kirahisi na vinaning'inia mbele ya ekseli kabisa, huko springi ya kubeba mzigo ina haki yake. Kama huna, baki na ya kawaida.

Pia pima kimo leo, kabla hujagusa kitu. Kutoka katikati ya tairi kwenda juu mpaka ukingo wa madigadi, pembe zote nne, uandike. Usipime kutoka chini maana tairi na upepo vinakudanganya.

Hizo inchi 3 ziache. 80 mbele ina ekseli nzima inayoshikwa na mikono miwili mirefu, ukinyanyua ekseli inazunguka kidogo na kasta inapotea, yaani ule mlalo wa kwenda nyuma wa mhimili ambao tairi za mbele zinageukia, ndo unaorudisha stelingi katikati, hesabu karibu nyuzi 1 kwa kila inchi, matokeo yake stelingi inakuwa nyepesi ya ajabu na gari inatangatanga kwenye lami unairudisha kila saa. Inatibika kwa bushi maalum za kurudisha kasta, lakini hiyo ni hela nyingine. Ekseli inasogea pembeni kwa sababu ya ule mkono wa mshazari unaoifunga kwenye chesi, mipira ya breki inavutika, na kama ya kwako ina ile valvu ya breki za nyuma iliyounganishwa na ekseli, ukinyanyua inadhani gari iko tupu inapunguza nguvu ya breki za nyuma. Muuzaji alikutajia hata kimoja? Inchi 2 ukiwa na sababu, vinginevyo rudisha kimo cha kiwandani, kwa gari iliyolala utaona imepanda vizuri tu.

Shokapu nunua za kuendana na springi uliyochagua, ikiwezekana za mtengenezaji huyo huyo, maana kazi yake ni kuituliza springi isirudi kwa fujo. Springi ngumu inataka shokapu ya kuibana, springi laini inataka ya kwake. Ukishapata uzito hata swali la chapa linapungua, utakuta chapa kadhaa zina springi ya namba yako na unachagua inayopatikana.

Na fundi akishafunga, mwambie bolti za mikono yenye bushi za mpira asizikaze mpaka mwisho gari ikiwa juu ya jeki. Aishushe isimame kwa tairi zake, aitikise kidogo ikae, ndo akaze. Ikikazwa ikiwa juu bushi inabaki imejinyonga muda wote na inakatika mapema. Simama hapo uone kwa macho yako anafanya hivyo, halafu weka hapa namba za mizani tuziangalie kabla hujaagiza.