Ukifika Minneapolis anzia Lake Street

Umeuliza ukihamia Minneapolis, Marekani, utapata wapi chakula cha kwetu na watu wa kupiga nao stori. Dada, nenda moja kwa moja Karmel Mall, iko karibu tu na Lake Street, ni mall ya Wasomali, vijiduka vimebanana ghorofa kwa ghorofa, mafundi cherehani, madera, udi, hina, sehemu za kutuma hela nyumbani, na msikiti humo humo ndani. Wapo wengi waliokaa Kenya, mtaa wa Eastleigh Nairobi au kambi ya wakimbizi ya Dadaab, kwa hiyo ukisalimia kwa Kiswahili usishangae kujibiwa. Agiza wali na nyama ya mbuzi, utaletewa na ndizi mbivu pembeni, unaikata unakula na wali hivyo hivyo, tamu balaa, halafu ushushie na chai ya maziwa yenye hiliki. Ukitaka mchanganyiko zaidi kuna Midtown Global Market, ilifunguliwa 2006 kwenye jengo la zamani la maduka ya Sears, Wameksiko na wengine kibao wanapika humo. Na tangu 2023 jiji limeruhusu adhana kwa spika swala zote tano, hata alfajiri, kwangu hilo ni kubwa mno. Ila jaketi zito nunua kabla ya Novemba, baridi ya kule si mchezo.