Mafuta yalishuka chini ya sufuri, mbona tokeni yangu haikushuka?

Wiki hii kuna barua tatu, moja Nakuru, moja Mombasa, moja Tanga. Waandishi hawajuani lakini wanauliza karibu kitu kimoja, kwa hivyo nazijibu kwa mpigo.

SWALI: Sasa mkuu. Mimi naendesha Probox, Nakuru–Naivasha. Juzi stejini tulibishana mpaka abiria wakashuka, kuna jamaa anasema mwaka wa korona mafuta yalifika chini ya sufuri, ati ukichukua pipa unalipwa wewe. Nikamwambia aache uongo, mwezi huo huo mimi nilijaza petroli kwa tisini na kitu na pesa ilitoka mfukoni mwangu. Nani alikuwa sawa? (Dereva, Nakuru)

JIBU: Bro, wote wawili mlikuwa sawa, ndio maana hiyo kesi haingeisha. Tarehe 20 Aprili 2020 kule New York mkataba wa mafuta ghafi ya Marekani wa mwezi wa 5 ulifunga kwa dola 37.63 chini ya sufuri kwa pipa moja. Lakini shika hilo neno, mkataba. Huo mkataba ulikuwa unaisha kesho yake tarehe 21, na ukikuishia mkononi unatakiwa upokee mafuta yenyewe, mapipa 1,000 kwa kila mkataba mmoja, pale Cushing, kimji fulani cha Oklahoma chenye matangi mengi kuliko maduka. Sasa wengi waliokuwa wameshika zile karatasi hawana hata mtungi, kazi yao ni kununua asubuhi na kuuza jioni, na siku hiyo ndege zimelala, magari yamepaki, viwanda vya kusafisha mafuta havitaki, na matangi ya Cushing kama hayajajaa basi yashakodiwa na wengine.

Ushawahi kuona lori la nyanya likiingia Kongowea siku soko limefurika? Ikifika saa kumi jioni mwenye mzigo haulizi tena bei, anatafuta kijana na mkokoteni ampe mia mbili amtolee zile nyanya hapo, maana lori linatakikana kwingine. Hiyo mia mbili ndio zile dola 37. Haimaanishi nyanya zilikuwa za bure sokoni, ni yule tu alikosa pa kuziweka.

Alafu sisi hatununui hayo mafuta ghafi ya Cushing. Yetu yanakuja yameshasafishwa, meli kutoka Ghuba mpaka Kipevu, gati la mafuta la Mombasa, bomba mpaka bara, na bei inayotangazwa kila tarehe 14 inapigwa kwa mzigo uliokwisha kushuka bandarini, sio kwa habari ya runinga ya jana. Kwa hivyo nafuu ilikuja, ila ilichelewa. Nairobi petroli ilikuwa 92.87 mwezi wa Aprili, katikati ya Mei ikawa 83.33. Na hapo ujue ndani ya kila lita kuna ushuru ambao haujali pipa limepanda ama limeshuka, kwanza Julai ile ile ushuru mmoja, ule wa maendeleo ya mafuta, ukapandishwa kutoka senti 40 hadi shilingi 5.40, na petroli ikarudi 100.48. Nafuu yako ilidumu miezi miwili. Mwambie jamaa yako wa stejini hivo.

SWALI: Asalaam aleikum. Mwaka wa korona nilikuwa nafanya kazi za ofisi nyumbani, Kisauni, watoto nao shule zimefungwa, basi tokeni ikawa inaisha kama maji. Zamani mia tano ilinifikisha wiki mbili, ikawa wiki moja haiishi. Na wakati huo dadangu aliyeko Leeds ananipigia anacheka, ati Jumapili mchana anawasha mashine ya kufua na kampuni ya stima ndio inamlipa yeye. Korona ni moja, mbona kwangu ikawa tofauti? (Mama wa watatu, Mombasa)

JIBU: Waaleikum salaam mama. Tuanze na mita yako. Watu walisema matumizi ya stima yameshuka, na ni kweli, lakini yalishuka mahoteli, maofisini na viwandani. Nyumbani yalipanda. Ile AC ambayo bosi alikuwa analipia iligeuka feni yako, laptopu yako, jiko lako, na watoto watatu wanaofungua friji kila baada ya dakika tano. Alafu kulikuwa na mtego, wakati huo nyumba inayotumia si zaidi ya uniti 100 kwa mwezi ilitozwa shilingi 10 kwa uniti kabla ya yale makato mengine, ukipita 100 unahamia 15.80. Familia nyingi zilivuka huo mstari bila kujua. VAT ilishushwa kutoka 16 hadi 14 kwa mia Aprili hiyo, nafuu kidogo, lakini haingeziba hilo pengo.

Sasa dadako. Hakukudanganya. Stima lazima itengenezwe sawasawa na inavyotumika, sekunde hadi sekunde, ikizidi ni hatari kama ikipungua. Uingereza majira yale ya 2020 jua linawaka, upepo unavuma na viwanda vimefungwa, stima ikawa nyingi mpaka ikawa mzigo. Wasimamizi wa gridi walilipa kituo cha nyuklia cha Sizewell B kifanye kazi nusu, wakalipa hata wenye sola na upepo wadogo wadogo wazime. Makaa ya mawe ndio yalisahaulika kabisa, kuanzia tarehe 10 Aprili mpaka 16 Juni hawakuchoma makaa kutengeneza stima. Na dadako alikuwa na mita janja, inasoma matumizi kila nusu saa na kuyatuma, na yeye alikuwa kwenye mpango ambao bei nayo inabadilika kila nusu saa. Bei ikishuka chini ya sufuri saa nane mchana, mita yake inajua ni saa nane mchana. Basi, hapo ndipo nyinyi wawili mlipoachana.

Maana ziada hata sisi tunayo mama. Usiku wakati watu wamelala, kule Olkaria, kwenye vituo vya stima ya mvuke wa ardhini, mara nyingine mvuke unaachiliwa hewani kwa sababu hakuna wa kuitumia hiyo stima. Na mitambo mingi ya binafsi ina mikataba ya kulipwa kwa kuwa tayari, stima ichukuliwe isichukuliwe, kwa hivyo matumizi yakipungua gharama hiyo haipungui, wanaobaki ndio wanaibeba. Ila mita yako inajua kutoa tu. Saa tisa usiku ama saa moja jioni kwake ni uniti moja, bei ile ile. Viwanda vilishapewa punguzo la nusu bei kwa stima ya ziada ya usiku tangu Desemba 2017, wewe na feni yako hamkualikwa.

Lakini usimwonee sana wivu dadako. Mita inayokuletea bei ya sokoni ikiwa chini inakuletea pia ikiwa juu. Februari 2021 baridi kali ilipiga Texas, mitambo ikaganda, bei ya jumla ikafika dola 9 kwa uniti moja, na watu waliokuwa kwenye mipango ya aina hiyo waliletewa bili za maelfu ya dola kwa siku chache tu. Mimi binafsi ningetaka mita yenye bei mbili, ya mchana na ya usiku, zinazojulikana mapema, basi. Hiyo ya kila nusu saa waachiwe wenye muda wa kuangalia simu.

SWALI: Kaka, mwaka 2024 nilinunua umeme wa Luku nikatumiwa namba tatu ndefu badala ya moja. Fundi wa mtaani akasema mita imegeuzwa kuwa janja na sasa inanifuatilia. Kweli? (Tanga)

JIBU: Hapana ndugu yangu, fundi kakuongopea. Tokeni za mita nyingi za kulipia kabla duniani zilikuwa zinahesabu dakika tangu 1993, na nafasi ya kuandikia hizo dakika ilikuwa inaisha tarehe 24 Novemba 2024. Namba mbili za kwanza zilibadili ufunguo ili hesabu ianze upya, ya tatu ndio umeme wako. Mita imebaki vile vile, haitumi habari zako popote.

Na kwa mama wa Kisauni, kama una shemeji mwenye boda ya umeme muulize kuhusu tarifu, yaani bei maalum, ya kuchaji vyombo vya usafiri vya umeme iliyoanza Aprili 2023. Ilianza kwa shilingi 16 saa za kawaida na 8 kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, lakini inataka mita yake peke yake. Ndio mara ya kwanza naona saa ya ukutani ikiingia kwenye bei ya mtu wa kawaida huku kwetu.